Istilahi za Masharti ya Kujiunga na Masomo ya Tiba ya Usemi na Lugha

Tumeletewa tafsiri ya masharti ya kujiunga na shahada ya uzamili katika fani ambayo mfasiri ameiita "patholojia ya usemi". Masharti yenyewe ni ya vyuo vikuu vya Marekani, na yaelekea yamefasiriwa kwa ajili ya walimu na wahitimu wa isimu wanaotaka kusomea kazi ya kuwasaidia wenye kigugumizi, watoto waliochelewa kusema, na watu waliopotewa na maneno baada ya kiharusi. Kisarufi tafsiri hii ni safi. Kasoro zake ni za istilahi, na mwombaji ndiye atakayezilipia.

Tuanze na jina la fani. Neno patholojia limekwisha kuzoeleka hospitalini kwa maana ya uchunguzi wa maradhi katika maabara na wa maiti. Waingereza hawalitumii kwa kazi hii. Jina lao lina maana ya tiba, ilhali kazi ni ile ile. Chuo Kikuu cha Makerere nacho, kilichoanza kufundisha fani hii mwaka 2008, kimefuata jina la tiba. Mfasiri hakulazimika kufungwa na neno la Wamarekani.

Kubwa zaidi ni kuachwa kwa lugha. Aliyepatwa na kiharusi aweza kuwa na ulimi na midomo mizima, akatamka kila sauti, lakini asilipate jina la kikombe alichokishika mkononi: huyo amedhurika lugha. Mwenziwe analijua neno, ila misuli ya kinywa imelegea: huyo amedhurika usemi. Jina likitaja usemi peke yake, mwanaisimu atadhani fani si yake, kumbe ujuzi wake wa fonetiki na sintaksia wahitajiwa humo. Twapendekeza tiba ya usemi na lugha. Ni kweli kwamba wataalamu hawa hutibu pia matatizo ya kumeza, ambayo jina hili haliyataji. Lakini daktari wa meno naye hutibu fizi, na hatujasikia aliyelilalamikia jina lake.

Masomo ambayo mwombaji hana budi kuwa ameyapita yameitwa "masomo ya awali". Kwa msomaji wa Tanzania, elimu ya awali ni ile ya mtoto ambaye hajaingia darasa la kwanza. Mwenye shahada ataupita mstari huo bila kuusoma, na humo ndimo zilimo biolojia, fizikia au kemia, takwimu, na sayansi za jamii au za tabia. Hayo yamo katika viwango vya Chama cha Usemi, Lugha na Usikivu cha Marekani vilivyoanza kutumika mwaka 2020, na vyuo vingi huyadai mapema. Mhitimu wa Kiswahili aliyeiacha fizikia shuleni huenda akapewa nafasi baada ya kuyasoma, lakini ni lazima ajue kwamba anadaiwa. Masomo tangulizi ni istilahi isiyo na utata huo.

Kosa tunaloliona kuwa baya kuliko yote ni "saa 25 za uchunguzi". Daktari akisema anafanya uchunguzi, anamgusa mgonjwa, anampima, anatafuta ugonjwa. Katika masharti haya mwanafunzi hafanyi lolote kati ya hayo. Anamtazama mtaalamu mwenye cheti akifanya kazi, kisha wanazungumza juu ya aliyoyaona. Viwango hivyo vinadai saa 400 kwa jumla: 25 za kutazama na 375 za kumhudumia mwenye shida chini ya usimamizi. Baadhi ya vyuo hutaka zile 25 ziwe zimekamilika kabla ya kuingia. Mwalimu anayesoma "uchunguzi" ataona anaombwa jambo asiloruhusiwa kulifanya, naye ataiweka fomu kando. Saa za kutazama tiba zatosha; neno ni la kawaida, wala halina aibu.

Mwisho ni neno umahiri. Katika ukurasa wa kwanza "shahada ya umahiri" ni uzamili. Katika ukurasa wa pili "cheti cha umahiri" ni kile kinachotolewa na Chama. Hivi ni vitu viwili, vyenye watoaji wawili. Baada ya shahada, mhitimu hufanya kazi chini ya msimamizi kwa muda usiopungua wiki 36 na saa 1,260, na hufanya mtihani, ndipo Chama kimpe cheti. Twajua kwamba uzamili na umahiri hutumika vyote kwa shahada ya pili, na mjadala huo hatuufungui hapa. Lakini katika waraka huu mmoja, shahada na iitwe ya uzamili, na cheti kiitwe cha ustadi wa tiba, ili anayeomba mkopo wa masomo ajue kwamba baada ya mahafali atakaa wiki zisizopungua 36 zaidi ugenini.