Kilichofanya Mchakamchaka Udumu

Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi la lori lililoning'inizwa kwenye mwembe. Saa kumi na mbili asubuhi kiranja alilipiga kwa nondo, na kabla usingizi haujatutoka machoni tulikuwa mstarini, wafupi mbele, mchakamchaka umeanza. Hakuna aliyeulizwa kama ana hamu. Miaka thelathini baadaye, nikiwa na kilo 94 na pumzi inayoishia ghorofa ya pili, nililipia ukumbi wa mazoezi miezi mitatu, nikaenda mara sita. Nimekaa kuchambua kwa nini lile ringi liliweza na ile ada ikashindwa.

Tuanze na mstari wenyewe. Kwa kuwa wafupi walitangulia, mwendo ulipangwa na wenye hatua ndogo, na majitu ya darasa la saba yalilazimika kujizuia. Halafu kuna wimbo. Zoezi la wastani lina kipimo chepesi ambacho hata madaktari hukitumia: ukiwa katikati yake unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Sisi tuliimba kwa kupokezana. Mwimbishaji, ambaye mara zote alikuwa mtoto mwenye mapafu ya ng'ombe, alitoa maneno marefu. Sisi tukaitikia neno moja au mawili, tukavuta hewa. Kiitikio kikianza kukatikakatika, mwendo ulishuka wenyewe. Ukumbini mimi nilifanya kinyume chake: siku ya kwanza dakika hamsini juu ya mashine, na siku tatu zilizofuata nikashuka ngazi kinyumenyume.

Jambo la pili ni kengele. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 96 waliojipangia jambo moja la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani, jambo lilihitaji siku 66 hivi kuanza kwenda lenyewe, lakini tofauti zilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Mazoezi yalichelewa kuliko kunywa glasi ya maji. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wengi wetu tunakosa Jumanne, tunaona tumeshaaibika, tunaacha hadi mwaka mpya.

Kwa hiyo nikatafuta ringi langu. Nililipata kwenye adhana ya alfajiri ya msikiti wa mtaani kwetu Sinza. Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, kwa hiyo adhana hiyo haihami sana kati ya Januari na Desemba, na siwezi kuizima kama simu. Raba nilizilaza mlangoni, soksi ndani yake. Nikapanga dakika kumi tu za kutembea, hata nikijisikia kuongeza. Jirani yangu, mzee mstaafu anayefagia kibaraza muda huo, aliniona siku ya nne.

"Kijana, unakimbizwa na nani?"

"Na mkanda wa suruali, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho nigongee."

Hapo ndipo mstari uliporudi. Asubuhi za mvua, kama si yeye kukohoa nje ya geti, ningebaki kitandani. Wiki ya sita tulikuwa tunafika dakika thelathini: tunatembea mbili, tunakimbia moja, huku tukibishana habari za Simba na Yanga. Ubishi ukikatika, tunatembea. Kwa siku tano za wiki, hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima.

Nguvu zilitangulia kuja. Misuli inayofanyishwa kazi mara kwa mara huongeza mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mimi nililiona kwenye ngazi za ofisini, na kwenye usingizi wa saa nane mchana, ambao uliacha kunivamia.

Mizani haikujali. Wiki sita, nusu kilo. Hapa wengi hukata tamaa, na hesabu iko wazi: kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700, na mwendo wetu wa nusu saa ulichoma labda 150. Soda moja ya chupa inazirudisha zote. Ushahidi mzuri uko hapahapa nchini. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwanywesha maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa, kisha wakachunguza mkojo wao. Matokeo yalitoka mwaka 2012: watu hao wanaotembea porini kutwa nzima walitumia nishati kwa siku sawa na watu wa mijini wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa miili. Mwili unaonekana kubana matumizi kwingine. Uzito, kwa sehemu kubwa, unaamuliwa mezani.

Nikaacha soda. Chapati mbili za asubuhi zikawa moja, na ugali wa usiku ukapungua kwa ngumi moja. Mama watoto alidhani nimechukia upishi wake, tukaelewana. Miezi minane baadaye nilikuwa kilo 86.

Mwenye presha au kisukari apite kwanza kwa daktari wake. Wengine, tafuteni mtu wa kuwakoholea getini. Mzee sasa ana miaka 71 na ndiye anayeniacha kwenye kona ya mwisho.