Paka wa Paris na Paa wa Unguja



Katika kazi ya ualimu hakuna jambo liaibishalo kama kumtia mtoto kosa, kisha ukatambua ya kuwa mwenye kosa ni wewe. Jambo hilo limenipata mimi, nami naona yafaa nilieleze, maana ndani yake mna funzo juu ya hadithi zetu na za watu wengine.

Niliwasomea watoto wa darasa la sita hadithi ya paka mwenye buti, aliyoiandika Mfaransa Charles Perrault na kupigwa chapa mwaka 1697. Kijana mmoja, mwana wa mwenye kinu cha kusagia, alirithi kwa baba yake paka tu. Kinu na punda vilikwenda kwa kaka zake. Paka akaomba buti na mfuko, akawinda sungura na kwale, akawa akimpelekea mfalme zawadi na kusema zatoka kwa bwana wake, Markizi wa Carabas, nalo ni jina la ukuu alilolitunga mwenyewe. Siku moja akamwambia bwana wake aoge mtoni, kisha akapiga makelele kwamba wezi wamemwibia nguo. Mfalme akamvika mavazi ya thamani. Mwishowe paka akalihadaa zimwi lijigeuze panya, akalila, na jumba lake likawa la kijana. Kijana akamwoa binti mfalme. Na paka naye akawa bwana mkubwa, asiwakimbize panya tena ila kwa kujifurahisha.

Kesho yake nikawaagiza watoto waiandike kwa maneno yao wenyewe. Niliposahihisha madaftari, niliona wengi wamekwenda vema hata arusini, kisha wakapotoka. Mmoja aliandika kwamba paka aliugua, na bwana wake asiende kumtazama. Mwingine aliandika kwamba kijana alirudia umaskini wake. Nikatia wino mwekundu, nikaandika pembeni, "Haya hayamo katika hadithi." Tena nikawapunguzia alama.

Siku chache baadaye nilikifungua kitabu cha hadithi za Unguja alichokikusanya Edward Steere, ambaye baadaye alifanywa askofu. Kitabu hicho kilipigwa chapa London mwaka 1870. Humo mna hadithi ya Sultani Darai. Mara nikakumbuka ya kuwa nimeisikia utotoni, kwa bibi yangu, kando ya moto. Na watoto wangu nao, bila shaka, wameisikia kwa bibi zao.

Hadithi yenyewe ni hivi. Palikuwa na maskini aliyekuwa akichakura jaani apate punje za mtama za kula. Siku moja akaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riali, akanunua paa. Watu wakamcheka. Lakini paa yule alijua kusema, na alipokwenda malishoni akaokota almasi. Hakumpa bwana wake aile. Aliichukua mpaka kwa sultani wa mji wa mbali, akamposea bwana wake binti wa sultani, na bwana akampa jina la Sultani Darai. Akamwogesha mtoni, akasema wezi wamemvua nguo, akaletewa nguo za kifalme. Kisha akamwua nyoka wa vichwa saba, na jumba la nyoka likawa la bwana wake.

Hata hapa, msomaji, twaona mifupa ya hadithi hizi mbili ni ile ile: mnyama, jina la uongo, mto, nguo, jumba, arusi. Hadithi husafiri baharini kama shehena, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika ilipakiwa bandari gani. Lakini ya Perrault yakoma arusini, na ya Unguja, ifikapo arusini, ndiyo kwanza yaingia katika jambo lake.

Maana paa aliugua. Akamtuma bibi kizee amwambie bwana. Bwana akajibu kwamba apikiwe uji wa mtama, basi. Yeye alimnunua kwa thumuni. Mkewe akamsihi, asisikie. Paa akafa kwa uchungu, na bwana akaamuru atupwe kisimani. Mke na baba yake sultani wakamlilia kama mtu. Usiku ule mke akaota yuko kwao, akaamka akajiona yuko kwao kweli. Na mume akaota yuko jaani anachakura, akaamka. Na kumbe yuko jaani.

Sasa tuulize: kwa nini watu wawili waliopewa mifupa ile ile waweke nyama mbalimbali? Nadhani jibu tutalipata tukitazama mahali alipokaa msimulizi. Perrault alikuwa mtumishi wa serikali ya mfalme Louis wa 14, chini ya waziri Colbert. Alikaa miongoni mwa watu ambao cheo, mavazi na maneno matamu viliweza kumpandisha mtu. Swali la watu wale lilikuwa: mtu apandaje? Hadithi imelijibu swali hilo, na ilipokwisha kulijibu ikanyamaza.

Hadithi ya paa ilisimuliwa katika mji ambao soko lake la watumwa halikufungwa hata mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kitabu kupigwa chapa. Katika mji ule mtu aliweza kununuliwa kwa riali, akamtumikia bwana wake, akamtajirisha, akaugua, asitazamwe. Basi neno la yule mume, kwamba amemnunua kwa thumuni, msikilizaji wa Unguja hakulisikia kama neno la hadithi tu. Alilisikia kila siku sokoni. Nami naona hadithi hii ni hukumu: waliokatazwa kumhukumu bwana mchana walimhukumu usiku, kwa kinywa cha paa.

Lugha nayo yashuhudia. Katika Kiswahili hatusemi tu kwamba mtu amepewa fadhila. Twasema fadhila *hulipwa*, kama vile deni hulipwa. Asiyelipa twamfananisha na punda, ambaye fadhila zake ni mateke. Tena twamwonya aliyepanda asisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Yule mume alijua hesabu moja tu, ya thumuni. Hesabu ya fadhila hakuijua, nayo ndiyo iliyokuwa ikiandikwa juu yake. Angalieni pia ule mtama: chakula alichokichakura jaani ndicho alichompa aliyemwondoa jaani. Msimulizi hakusema neno la kutueleza jambo hilo, wala hakuwa na haja.

Lakini hapa lazima nijizuie, maana ni rahisi mwalimu kukurupuka na kusema, "Wazungu hawajui shukrani, sisi twaijua." Si kweli, na hadithi zenyewe zakataa. Miaka sitini na mitatu kabla ya Perrault, yaani mwaka 1634, kilianza kupigwa chapa huko Napoli, nchi ya Italia, kitabu cha Giambattista Basile, aliyekuwa amekwisha kufa. Humo mna hadithi ya paka wa namna ile ile. Paka yule, bwana wake alipokwisha tajirika na kumwahidi makubwa, alijifanya amekufa ili amjaribu. Bwana akasema atupwe dirishani. Paka akainuka, akamkemea, akaenda zake. Basi Mzungu wa Napoli alikuwa na uchungu ule ule wa bibi zetu. Hadithi si picha ya rangi ya watu. Ni picha ya kiti alichokalia msimulizi na ya jambo alilolihofu.

Ila hata hapo pana tofauti ya kupima. Huko Paris, paka aheshimiwa. Huko Napoli, paka aondoka, lakini mali yabaki. Unguja peke yake mali yaondoka pamoja na paa. Hiyo ndiyo sababu naiona hadithi yetu kuwa nzito kuliko zile mbili. Yasema kwamba jumba, jina na mke havikuwa vya mtu yule hata siku moja. Vilikuwa vya ule wema uliomtendea, na wema ukifa naye amekwisha.

Je, hadithi ya Perrault ni mbaya? Sivyo. Ni nyepesi, ya kuchekesha, na maneno yake yamepangwa kwa ustadi; paka wake ana akili tunazozipenda katika sungura wetu. Nitaendelea kuisoma darasani. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mtoto aliyebadili mwisho hakuelewa. Alielewa sana. Aliipima hadithi kwa mizani ya nyumbani kwao, akaona imepungua, akaijaza.

Niliwarudishia alama zao, nikawasomea hadithi ya paa. Nilipofika penye uji wa mtama darasa likatulia. Mimi mwenyewe sauti ilinikauka kidogo, maana nilisomeshwa kwa mbuzi za mjomba wangu, naye alipolala mgonjwa mwaka ule nilipeleka fedha tu, nisiende mwenyewe.

Basi, walimu wenzangu, na ninyi wazazi mnaosoma karatasi hizi: ombeni wazee wawasimulie hadithi za kwenu, mziandike zilivyo, hasa mwisho wake. Msiukate mwisho kwa kuwa ni mchungu, wala msiurekebishe ufanane na wa vitabu. Na mtoto akiwaletea mwisho usiomo kitabuni, muulizeni kwanza ameupata wapi, kabla hamjachukua wino mwekundu.