Uhamisho, Ugeni na Ghaibu: Tamthiliya ya Incendies Mezani kwa Mkuza Istilahi

Miezi kadhaa iliyopita mwalimu mmoja wa fasihi aliniandikia akitaka neno moja la Kiswahili la kutaja hali ya mtu aliyetengwa na nchi yake asiweze kurudi. Alikuwa anafasiri, kwa ajili ya wanafunzi wake, maonyesho machache ya tamthiliya iitwayo Incendies, iliyotungwa kwa Kifaransa na Wajdi Mouawad, mzaliwa wa Lebanoni. Nilimjibu siku ile ile: neno ni uhamisho, na aliye katika hali hiyo yuko uhamishoni. Jibu hilo nililitoa kabla ya kuisoma tamthiliya yenyewe. Sasa nimeisoma, na makala haya yanakusudia kulitangua.

Mouawad alizaliwa mwaka 1968. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Lebanoni mwaka 1975 na kwisha mwaka 1990 viliikimbiza familia yake angali mtoto. Wakakaa Ufaransa, kisha mwaka 1983 wakahamia Quebec, katika Kanada. Incendies ilionyeshwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 2003, nayo ni ya pili katika tamthiliya nne zinazofuatana, ya kwanza ikiwa Littoral ya mwaka 1997. Wengi wameijua kwa njia ya filamu ya Denis Villeneuve ya mwaka 2010, lakini filamu imepunguza maneno mengi, na hapa sisi shughuli yetu ni maneno.

Msomaji ambaye hajaiona anisamehe, kwani siwezi kuzijadili istilahi bila kuifichua siri ya hadithi. Nawal Marwan amefariki baada ya kuishi miaka mitano kimya. Wakili wa mirathi, Hermile Lebel, anawasomea wosia watoto wake pacha, Jeanne na Simon. Jeanne anakabidhiwa barua ampelekee baba yao, ambaye walidhani amekwisha kufa. Simon anakabidhiwa nyingine ampelekee ndugu yao wa kiume, ambaye hawakujua kabisa kuwa yupo. Mpaka barua hizo zifike, mama anataka kaburi lake lisiwe na jiwe wala jina. Pacha wanakwenda katika nchi aliyotoka mama, nako wanagundua kwamba alipokuwa msichana alinyang'anywa mtoto wake wa kwanza. Kwamba alimtafuta mtoto huyo katikati ya vita. Kwamba alifungwa katika gereza la Kfar Rayat, akanajisiwa na mtesaji wake, akawazaa wao. Mwishowe inajulikana kuwa mtesaji ndiye yule mtoto aliyepotea. Barua mbili ni za mtu mmoja.

Sasa turudi kwenye neno langu. Mtumishi wa serikali akisikia uhamisho, wazo lake la kwanza ni barua yenye muhuri: ametolewa Dodoma, anapelekwa Songea, na posho ya kujikimu italipwa. Ni kweli kwamba wafasiri wa Biblia walilitumia neno hilo kwa habari za Babeli, na walikuwa na haki, kwa sababu pale palikuwa na mhamishaji: mfalme aliyelichukua taifa zima na kulipeleka alikotaka. Kitenzi chenyewe ni cha kutendesha. Hakikamiliki mpaka awepo aliyehamisha. Lakini nani alimhamisha Nawal? Hapana amri wala askari wa kumsindikiza mpakani. Aliondoka mwenyewe na watoto wawili. Tukisema yuko uhamishoni tunampa mtazamaji mkosaji mmoja wa kumlaumu, na hiyo ndiyo faraja ambayo mtunzi anamnyima tangu mwanzo hata mwisho.

Je, tumwite mkimbizi? Hapa pana onyesho ambalo kila mfasiri yampasa alisome kabla ya kuushika wino. Nawal amepanda basi lililojaa wakimbizi wa kambini. Wanamgambo wanalisimamisha, wanalimwagia petroli na kulitia moto pamoja na waliomo. Nawal anaokoka kwa kuwaambia wenye silaha kwamba yeye si mkimbizi wa kambi, ni mwenzao, naye anamtafuta mwanawe. Neno analolikana ndilo linalowaua wengine mbele ya macho yake. Ikiwa mfasiri amekwisha kumwita yeye mkimbizi katika kurasa za nyuma, basi onyesho hili limeharibika, na mtazamaji atadhani Nawal anadanganya tu ili aponyoke. Hadanganyi. Anasema kweli, na ukweli wenyewe ndio unaomtia aibu. Aidha tukumbuke kwamba kwetu neno hili halielei hewani: mtazamaji wa Kigoma akilisikia ataliona mara moja turubai la Nyarugusu na foleni ya mgao. Lihifadhiwe kwa ajili ya basi lile.

Limesalia jozi ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Waarabu wana neno ghurba, yaani hali ya kuwa mgeni mbali na kwao. Shina lake ni lile lile lililotupa magharibi, upande ambako jua huchwea, na gharibu, neno ambalo washairi wetu wa zamani walilitumia kwa maana ya mgeni. Ugeni na ugenini vinalitosha bila kulazimishwa. Mtu aweza kuwa ugenini miaka arobaini, na bado neno lenyewe linashuhudia kwamba anapo kwao.

Neno la pili ni ghaibu. Siku hizi magazeti yameliweka katika umbo la ughaibuni, nalo limepata harufu ya fedha zinazotumwa nyumbani na ya vyeti vya vyuo vya ng'ambo. Sina ugomvi na matumizi hayo. Lakini tusisahau kwamba ghaibu ni kisichoonekana, kisichokuwapo mbele ya macho, na kwamba Mswahili husema pia mtu anasoma kwa ghaibu, yaani bila kutazama kitabu, kwa moyo. Katika neno moja tunacho kilicho mbali na tunacho kilichohifadhiwa kifuani. Sidhani kama Kifaransa cha Mouawad kina neno linalobeba mizigo hiyo miwili kwa pamoja, na tamthiliya yake yote ni juu ya mizigo hiyo miwili. Mama anakijua kisa chake kwa ghaibu, na kwa sababu hiyo hawezi kukisema.

Hapo ndipo ninapokuta udhaifu wa istilahi yetu nyingine, kumbukumbu. Hakuna barua ya ofisi isiyokuwa na “Kumb. Na.” pembeni. Kuna kumbukumbu za mkutano, kuna siku ya kumbukumbu, na sasa fasihi inataka neno hilo hilo litaje jeraha la moyo. Rasimu niliyoletewa ilimfanya Jeanne azungumzie “kumbukumbu za mama yetu,” nami nilipoisoma kwa sauti nilimwona ameshika faili. Dawa si kubuni jina jipya. Dawa ni kukiachia kitenzi kazi yake: anakumbuka, hakumbuki, amekumbushwa, yamemjia. Tamthiliya hii inajengwa kwa vitenzi. Nazira, nyanya yake Nawal, akiwa karibu na kufa, hamwachii mjukuu ardhi wala dhahabu. Anamwagiza ajifunze kusoma, kuandika, kuhesabu na kusema. Msichana anaondoka kijijini, anajifunza, anarudi na kulichora jina la nyanya juu ya jiwe la kaburi. Onyesho hilo fupi lina nguvu kuliko hotuba zote za sehemu ya mwisho, ambazo kwa maoni yangu ni ndefu kupita kiasi.

Kuhusu utambulisho nitasema kwa ufupi. Katika mikutano yetu utambulisho ni ile dakika ambapo mwenyekiti anawasimamisha wageni mmoja mmoja. Na kitambulisho ni kadi. Nusura nilikatae neno hili kwa sababu hiyo, kisha nikafikiri upya: katika Lebanoni ya miaka ile ya vita kadi ya mtu ilitaja madhehebu yake, na watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabarani baada ya kadi zao kusomwa. Ukaribu wa utambulisho na kadi, ambao sisi tunauona kuwa kasoro, huko ni historia. Hata hivyo, pacha hawatafuti kadi. Wanazo, na zinasema Jeanne na Simon. Wanachokipata mwishoni ni majina waliyoitwa walipookolewa wachanga, Jannaane na Sarwane, majina ambayo mtunzi alikwisha kuyaficha katika vichwa vya sehemu za tamthiliya bila msomaji kuyafahamu. Kwa jambo hilo nasaba yafaa zaidi.

Nasaba inatuleta kwenye bahasha ya pili. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri achague. Akisema kaka yenu, ametoboa kwamba ndugu huyo ni mkubwa wao, jambo ambalo Kifaransa kimelinyamazia. Akisema ndugu yenu peke yake, jinsia imepotea. Ndugu yenu wa kiume ni maneno ya fomu ya polisi, lakini anayesema ni wakili anayesoma hati, na kwake yeye ugumu huo ni sahihi. Tena Lebel ni mtu anayependa kutumia misemo na kuikosea. Mfasiri wetu alikuwa amemsahihisha kila mahali, kwa adabu ya ualimu. Amwache akosee: aseme mtaka cha mvunguni sharti apande juu, watu wacheke, ili watakapofika kwenye basi pasiwe na aliyejiandaa.

Suala la nani aseme vipi si geni kwa waandishi wa Lebanoni walioishi mbali na kwao. Mikhail Naimy, aliyekuwa katibu wa jumuiya ya waandishi iliyoongozwa na Kahlil Gibran huko New York, alitoa tamthiliya mwaka 1917 na katika dibaji yake akalijadili waziwazi: wahusika waliosoma aliwapa Kiarabu fasaha, wasiosoma akawapa lugha ya nyumbani. Naimy alirejea Lebanoni mwaka 1932. Gibran alikuwa amerudishwa mwaka uliotangulia, akiwa maiti. Mouawad hana njia hiyo, kwa kuwa wahusika wake wote, wa kijijini na wa mjini, wanasema Kifaransa, na Kiarabu kimebaki katika majina tu. Mfasiri wa Kiswahili ataona kishawishi cha kukirudisha kwa kumsemesha Nawal kama mtu wa Unguja. Asikubali. Nawal atapata nyumba ambayo hakuwa nayo.

Lawama yangu kwa mtunzi ni moja. Nchi ya Nawal haitajwi jina, ingawa gereza lake linafanana na lile la Khiam, kusini mwa Lebanoni, ambako Souha Bechara alifungwa tangu 1988 hadi 1998 kwa kumpiga risasi mkuu wa jeshi la wanamgambo. Kutotaja jina kunaipa hadithi upana wa visa vya kale, na anayekijua Mfalme Edipode katika tafsiri ya S. S. Mushi ataitambua ile njia ya zamani ambapo mtu anatafuta ukweli hata umwangukie. Lakini Thebe ilitajwa jina. Vita vya Lebanoni vilikuwa na makundi, na makundi yalikuwa na viongozi, na baadhi yao waliendelea kutawala baada ya mwaka 1990. Anayewaficha nyuma ya hatima anawapunguzia hesabu.

Nimemwandikia mwalimu yule tena. Nimependekeza ugenini katika maneno ya Nawal, mkimbizi katika onyesho la basi peke yake, na uhamisho katika midomo ya maofisa. Ghaibu nimemwomba aitumie mara moja tu katika tamthiliya nzima, mahali atakapochagua yeye. Na katika kadi yangu ya istilahi, palipokuwa na neno moja, sasa pana manne, kila moja na mfano wake. Lile la kwanza nimelipeleka chini.