Leseni Haimfanyi Mpokezi Kuwa Mwadilifu

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi milioni 2.1: maombi, leseni na ada ya mwaka. Ada zilibadilishwa baadaye, nasi hatugombani na bei. Maulamaa wa hadithi walimpima mpokezi kwa ukweli na hifadhi yake. Hawakumuuliza kibali cha mtawala. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, alimtaja Jabir al-Ju'fi pamoja na waliomtuhumu kwa uongo. Alimtaja waziwazi, ili msomaji ajihadhari mwenyewe.

Atakayetetea udhibiti kwa Suratul Hujurat, aya ya 6, aisome vizuri. Aya inaamrisha habari ichunguzwe, na mchunguzi hana budi kuwa na njia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa siku kadhaa. Uvumi haukukatwa (haujawahi kuhitaji intaneti). Hapa Rasbura, aliyesikia habari ya mauaji Dar es Salaam aliilinganisha na nini? Ijumaa ya tarehe 31 khatibu alipanda mimbari katika hali hiyohiyo.