Kuitambua Difu

Logbuku ya Land Rover ya mwaka 1974 yaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi na bado isikufae kitu siku unayotafuta spea. Ina mwaka, nambari ya chesisi, rangi na jina la mwenye gari. Haisemi kwamba ekseli ya nyuma ilitolewa kwenye gari jingine lililopinduka, wala kwamba giaboksi ilishabadilishwa kabla mwenyewe wa sasa hajazaliwa. Pikapu iliyobeba mawe, maji, mbuzi na mifuko ya simiti kwa nusu karne imeshakuwa magari matatu au manne ndani ya bodi moja. Ndiyo maana namheshimu sana fundi ambaye, kabla ya kumtuma mtu Nairobi kununua kitu, hukaa kwanza akakitambua.

Athi River inamhitaji fundi wa aina hiyo. Ni mji wa viwanda vya simiti na malori mazito, na duka la spea la karibu huuza vitu vya lori na vya Toyota za juzi. Spea ya Land Rover kuukuu hufuatwa Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambapo wengi bado wanapaita Grogan. Huko muuzaji ana swali moja: umekuja na ya zamani? Kama hukuja nayo, uwe na vipimo. Ukienda na jina la gari peke yake utarudi na kitu kinachofanana, na kufanana ndiko kunakowala watu nauli.

Chukua difu. Land Rover hizi kuukuu, zile za Series, karibu zote zilikuwa na uwiano wa 4.7, yaani propela shafti huzunguka mara 4.7 magurudumu yakizunguka mara moja. Range Rover ya 1970 ikaja na 3.54. Wapo waliochukua difu ya Range Rover wakaitia kwenye Series ili gari likimbie zaidi barabarani, maana inaingia pale pale bila kukatwa chochote. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ekseli ya Salisbury, iliyowekwa kwenye Series III za chesisi ndefu, angalau hujitaja: ina kifuniko cha bolti kwa nyuma, ilhali difu ya Rover hutolewa kwa mbele na mgongo wa ekseli yake hauna bolti hata moja.

Basi fundi ajue vipi bila kufungua? Anaweka mawe kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Hilo si la kuruka, kwa kuwa hendibreki ya magari haya haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, na gurudumu moja likishainuliwa, difu huliachia gari liende. Kisha anainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, anatia nyutro, anaachilia hendibreki. Alama ya chaki kwenye tairi, nyingine kwenye shafti. Anazungusha tairi mara mbili kamili, polepole, huku kijana aliye chini ya gari akihesabu mizunguko ya shafti kwa sauti. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la pili limesimama, na difu hugawa mwendo nusu kwa nusu. Kijana akikaribia nne na robo tatu, ni 4.7. Akiishia tatu na nusu, ni ya Range Rover. Hunisisimua kila nikitazama: gari lenyewe limeulizwa, nalo limejibu.

Mbele nako kupimwe. 4.7 mbele na 3.54 nyuma, ukitia gia ya magurudumu manne, zitavutana mpaka kitu kivunjike. Na hafushafti zihesabiwe meno, maana zipo za 10 na za 24, na moja haiingii kwenye difu ya mwenzake hata uipige nyundo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni beringi. Futa grisi, elekeza ukingo kwenye jua, na nambari itajitokeza: 6205. Zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano, unapata milimita 25, tundu la ndani. Nje ni 52, unene 15, iwe imetengenezwa Uswidi, Japani au Uchina. 6305 ina tundu lile lile la 25 lakini nje ni 62, kwa kuwa imeundwa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Nambari ikiwa imefutika, fundi huchukua venia, akapima tundu, nje na unene, akairudia nambari kutoka kwenye vipimo. Hapo jina la gari halina kazi tena. Beringi uliyoambiwa haipatikani popote huenda iko kwenye duka la pampu za maji.

Fundi mmoja hapa huandika haya yote kwa rangi nyeupe ndani ya boneti: uwiano wa difu mbele na nyuma, meno ya hafushafti, nambari za beringi, klachi kama ni ya inchi 9 au 9.5. Natamani kila mwenye Land Rover kuukuu adai aandikiwe hivyo kabla ya kulipa, na kila fundi atakayebadilisha kitu baadaye afute la zamani na kuandika jipya.