Pima Kwanza, Kisha Tia Chumvi

Katika madimbwi ya masika ya bonde la Kilombero, ambako Katindiuka imekaa pembezoni mwa mji wa Ifakara, wanaishi samaki wadogo ambao wataalamu Wildekamp, Watters na Sainthouse waliwapa jina la kisayansi mwaka 2002: Nothobranchius kilomberoensis. Ni mwaka huohuo ambao bonde lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Samaki hawa huanguliwa mvua ikijaza madimbwi, hukua haraka, hutaga mayai kwenye tope la mfinyanzi, na dimbwi likikauka hufa wote. Mayai ndiyo yanayongoja mvua nyingine. Wao na ndugu zao hufugwa Ulaya na Marekani katika matangi ya vioo, kwa ajili ya rangi za madume, na kuna ugonjwa mmoja ambao wafugaji wa jamii hii wanaufahamu kuliko mwingine wowote, ule wa vumbi la dhahabu. Hoja yangu ni kwamba walifaulu kuudhibiti kwa chumvi ya kawaida kwa sababu walijua ni lini kimelea kinapatikana bila ngao. Nguvu ya dawa haikuwa jambo kubwa.

Kimelea chenyewe ni Piscinoodinium, kiumbe cha seli moja kinachong'ang'ania ngozi na matamvua. Kikishiba hujiachia, huzama chini ya tangi, hujifungia katika ganda na kujigawa mara nyingi, kisha hutoa watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Kinapokuwa mwilini au ndani ya ganda, dawa nyingi hazikifikii. Wakati wa kukiua ni ule mfupi wa kuogelea, na chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani gramu 40 hadi 60 kwa ndoo ya lita 20, humdhuru huyo muogeleaji huku samaki wa jamii hii wakiivumilia vizuri. Kuna faida ya pili. Ngozi iliyochubuliwa na vimelea huruhusu maji kuingia mwilini na madini kutoka, na maji yenye chumvi kidogo humpunguzia samaki kazi ya kurekebisha hali hiyo. Kwa kuwa vimelea haviachii mwili kwa wakati mmoja, anayeacha tiba siku ya tatu kwa kuona ngozi imesafika amekatiza kazi katikati. Inapaswa kuendelea kwa wiki mbili hivi, na kila maji yanapobadilishwa, yale mapya yatiwe chumvi kwa kipimo kilekile.

Yote haya hayana maana kama ugonjwa ni mwingine. Samaki anayehema kwa kasi na kubana mapezi anaweza kuwa ameunguzwa na amonia, na huyo anahitaji maji safi kabla ya kitu chochote. Ndiyo maana hupimwa maji kwanza, kisha samaki humulikwa tochi kutoka ubavuni gizani: vumbi la dhahabu huonekana mithili ya unga wa binzari, ilhali ugonjwa wa madoa meupe huonyesha punje kubwa, moja moja. Uhakika kamili hutoka kwenye ute wa ngozi uliowekwa chini ya hadubini. Utaratibu huu si mgeni Ifakara, mji wenye maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu 1957. Huko malaria ilitufundisha kwamba homa peke yake haitoshi kumpa mtu dawa, na tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kwanza.

Wapo watakaosema shaba huua haraka zaidi. Ni kweli inaua kimelea, lakini pengo kati ya kipimo kinachoponya na kinachomuua samaki ni dogo, na katika maji laini huwa dogo zaidi. Sioni sababu ya kuanzia huko. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chumvi imegeuzwa dawa ya kila kitu. Hilo nalikubali. Samaki anayekonda huku anakula, akapinda mgongo na kutoka vidonda, huenda ana bakteria wa jamii ya kifua kikuu. Chumvi haitamsaidia, na mfugaji mwenye jeraha mkononi asiingize mkono katika tangi hilo, kwani bakteria hao huweza kumwingia.

Kuhusu wanaouliza kwa nini tumhangaikie samaki ambaye hata akipona ataishi miezi michache tu: katika miezi hiyo hutaga, na mayai ndiyo ukoo wenyewe. Tangi likishindikana, mfugaji hukusanya mayai, huyatunza kwenye mboji yenye unyevu kidogo kwa wiki au miezi kadiri yanavyohitaji, na wakati huo hulimwaga tangi, hulisugua na kuliacha likauke kabisa. Piscinoodinium haiwezi kuishi bila maji, wala haina mahali pa kujishikiza pasipo na samaki.