Roma Hadi Milano kwa Gari: Mpango Ulioanza na Maegesho

Wengi wakipanga kuzunguka miji ya Italia huanza na orodha ya vivutio: Colosseum, mnara wa Pisa, mifereji ya Venezia. Baada ya hapo wanakodi gari uwanja wa ndege siku ileile waliyotua na kuingia nalo mjini. Mpango ninaouchambua hapa ulikwenda kinyume kabisa. Uliandaliwa na familia moja ya Mombasa: baba, mama, watoto watatu wa miaka 12, 9 na 3, pamoja na bibi yao ambaye magoti humsumbua. Kabla ya kuulizana wataona nini, walijiuliza swali moja kwa kila mji: gari litalala wapi?

Swali hilo lina sababu yake. Miji ya Italia ilijengwa kabla ya gari kuwapo, na karibu kila mji wenye historia umeyafungia magari eneo lake la kati. Eneo hilo huitwa ZTL. Mara nyingi hakuna kizuizi wala askari wa kukusimamisha. Kuna kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na juu yake kamera inayosoma namba ya gari. Ukiona taa za maneno "varco attivo", usipite: kamera inafanya kazi na njia imefungwa kwa asiye na kibali. Mgeni hupita bila habari, akapinda kushoto, akakutana na kamera nyingine, na kila mpito huhesabiwa kosa peke yake. Faini haiji siku hiyo. Kwa mtu anayeishi nje ya Italia, mamlaka zina siku 360 za kumpelekea taarifa. Kabla hata barua hiyo haijafika, kampuni ya kukodisha itakuwa imekwisha kata ada yake kwenye kadi yako kwa kazi ya kuwapa polisi jina lako, na ada hiyo si faini yenyewe.

Ndiyo maana uamuzi wa kwanza wa familia hii ulikuwa kukaa Roma bila gari. Walitua Fiumicino wakapanda treni ya FL1, ile ya kawaida inayosimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Usiku wao wa Roma waliutumia kwa metro, basi na miguu. Gari walilichukua Tiburtina asubuhi ya kuondoka, kwa sababu stesheni hiyo iko upande wa mashariki wa mji, karibu na barabara ya kufikia mzunguko mkuu wa Roma na kisha barabara kuu ya A1. Jambo dogo walilolizingatia, na wengi hulisahau: ofisi za kukodisha zilizo mjini mara nyingi hufungwa mchana, Jumamosi jioni na Jumapili. Siku ya kuchukua gari ilipangwa iwe ya kazi, asubuhi, na siku nyingine zote zikajipanga kuizunguka hiyo.

Tiketi za ndege nazo zilikatwa kwa mtindo huohuo: kuingia kwa Roma, kutoka kwa Milano. Kurudi Roma kupanda ndege kungewapotezea siku nzima barabarani, kiasi cha kilomita 575, kwa njia ambayo wangekuwa wamekwisha kuipita. Gari likichukuliwa mji mmoja na kurudishwa mwingine huweza kutozwa ada ya ziada, lakini ukipima ada hiyo na mafuta, tozo za barabara na uchovu wa watoto, mara nyingi ni nafuu kuilipa.

Gari lenyewe ndilo lililowasumbua zaidi. Watu sita ukiwaambia gari la viti saba, kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Lakini viti vya safu ya tatu vikiinuliwa, buti linabaki la kubeba mifuko miwili mitatu, na familia ya Mombasa inayoelekea kwenye baridi ya usiku haisafiri na mifuko miwili. Leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu hadi viti tisa pamoja na cha dereva, kwa hiyo walipima pia gari la tisa. Hilo nalo lina shida yake: maegesho mengi ya chini ya ardhi yana dari fupi, na gari refu huishia mlangoni. Waliamua kubaki na la viti saba na kupunguza mizigo: sanduku moja kwa watu wawili, nguo za kufuliwa njiani. Naona walifanya sawa. Aliyebeba nguo za kutosha wiki mbili ndiye atakayezivuta kwenye mawe ya barabara za Siena.

Magari ya kukodi Italia mengi ni ya gia za mkono. Anayetaka otomatiki aiombe mapema na kuilipia. Nashauri ilipiwe, kwa sababu dereva wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala tayari anabadilisha upande wa barabara na upande wa usukani kwa pamoja, na kipilefti anakizunguka kinyume na alivyozoea. Mkono wa kulia ukianza kutafuta gia ulizozoea kuzitafuta kwa kushoto, akili imeelemewa. Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Bukavu hana tatizo hili, kwake ni kama nyumbani.

Karatasi za dereva hazina mjadala. Leseni isiyo ya Umoja wa Ulaya inatakiwa iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi. Kenya kibali hicho hutolewa na AA Kenya. Dhamana ya gari huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, si ya mkewe wala ya kaka aliyeko Muscat. Viti vya watoto ni sheria: mtoto yeyote aliye chini ya sentimita 150 lazima akae kwenye kiti au kinyanyulio kinachomfaa, na kwa walio chini ya miaka minne Italia inataka pia kifaa kinachomkumbusha dereva kwamba kuna mtoto ndani. Sheria hiyo ilikuja baada ya watoto kusahauliwa garini kwenye joto. Wawili kati ya watatu wa familia hii waliguswa na sheria hizi, na vifaa vyote waliviandikisha wakati wa kuweka nafasi badala ya kuvitafuta kaunta.

Sasa njia yenyewe. A1, iliyokamilika mwaka 1964, inaunganisha Milano na Napoli na ndiyo uti wa mgongo wa safari yote. Unaingia kwa kuchukua tiketi kwenye mashine na kulipa unapotoka. Ukiipoteza unatozwa kana kwamba umetoka kituo cha mbali kuliko vyote. Wakati wa kutoka, njia zenye kibao cha njano ni za waliofunga kifaa cha Telepass. Mgeni azikwepe, aende kwenye nyeupe ya fedha taslimu au ya bluu ya kadi. Akikosea asirudi nyuma kamwe, abonyeze kitufe cha msaada. Mwendo wa mwisho ni kilomita 130 kwa saa, na mvua ikinyesha hushuka hadi 110.

Kituo cha kwanza kilikuwa Orvieto, kama kilomita 120 kutoka Roma. Mji uko juu ya jabali, gari linabaki chini karibu na stesheni ya treni, na watu wanapandishwa kwa kiberenge cha kamba. Kwa bibi mwenye magoti mabovu hakuna mji wa kilimani ulio rahisi kuliko huu. Kisha Siena, ambako walilala nje ya kuta. Maegesho ya Santa Caterina yako chini ya mji, na ngazi za umeme hukupandisha hadi karibu na kanisa kuu. Tarehe tu ndizo za kuangalia: mbio za farasi za Palio hufanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti, na siku hizo kupata kitanda Siena ni bahati.

Sehemu niliyoipenda zaidi katika mpango huu ni Firenze, mji ambao wengi tunaujua kama Florence (vibao vya barabarani vinaandika Firenze, kwa hiyo heri kulizoea jina hilo). Hawakulala huko. Kutoka Siena kuna barabara ya kasi isiyotozwa, kama kilomita 56, inayokutana na A1. Na hapo kwenye A1 yenyewe, eneo la Scandicci, kuna maegesho ya Villa Costanza, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Unaingia ukiwa bado barabara kuu, unaegesha, unapanda tramu T1 ambayo inakushusha stesheni ya Santa Maria Novella, katikati ya mji. Tiketi ya tozo inabaki mfukoni, na jioni unarudi garini na kuendelea na safari kana kwamba hukutoka. Kamera za ZTL za Firenze ni nyingi na ni maarufu. Familia hii haikuona hata moja. Walihakikisha tu siku hiyo si Jumatatu, kwa sababu Uffizi hufungwa.

Pisa waliikata, na hapa kuna wengi watakaobisha. Hoja ya familia ilikuwa ya kimahesabu. Mtoto aliye chini ya miaka minane haruhusiwi kupanda mnara. Wa miaka mitatu angebaki chini na mzazi mmoja, bibi naye asingepanda, kwa hiyo nusu ya familia ingeendeshwa masaa kadhaa kwenda na kurudi ili kupiga picha ya kuushika mnara kwa viganja. Mimi ningeikata hata bila hesabu hiyo.

Kutoka Firenze kwenda Bologna barabara inavuka milima ya Apennini, na A1 hapo inagawanyika njia mbili. Njia ya zamani ina kona nyingi. Ile mpya, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2015, imenyooshwa kwa mahandaki, moja lina urefu wa zaidi ya kilomita nane. Mwenye mtoto anayetapika garini achukue mpya, huku akijua kwamba mandhari ataikosa. Bologna ilikuwa ya usiku mmoja tu, na mji ule mwaka 2024 uliweka mwendo wa kilomita 30 kwa saa katika barabara zake nyingi. Sioni kwa nini familia iliuweka mji huo kwenye mpango. Usiku mmoja na watoto ni kufungua masanduku na kuyafunga.

Venezia ndipo mpango ulipopwaya. Gari haliendi popote zaidi ya Piazzale Roma, mwisho wa daraja lililofunguliwa mwaka 1933, na maegesho ya hapo ni ghali. Waliegesha Mestre, bara, wakalala hukohuko na kuingia Venezia kwa treni ya dakika kama kumi. Kifedha ni sawa. Anayelala nje ya manispaa anaingia kama mgeni wa siku, na tangu 2024 kuna siku ambazo mgeni wa siku hulipishwa ada ya kuingia. Watoto chini ya miaka 14 husamehewa. Mestre hata hivyo ni sehemu ya manispaa ya Venezia, kwa hiyo ada hawakudaiwa ingawa walipaswa kujiandikisha. Kilichowashinda ni madaraja. Karibu kila daraja la Venezia ni ngazi, na bibi aliyachoka mapema. Tiketi moja ya boti ya umma ni euro 9.50, na ukizidisha kwa watu wazima na watoto wakubwa unaona hela inavyoyeyuka. Usiku wa Bologna ungehamishiwa ndani ya Venezia, karibu na kituo cha boti, bibi angekaa barazani akayatazama maji wakati wengine wanatembea.

Mwisho wa gari ulikuwa safi. Kutoka Venezia walipitia Verona, kisha A4 hadi Milano, bila kuingia mjini. Milano ina eneo kubwa linalozuia magari yanayochafua hewa, na katikati kuna Area C, ambayo siku za kazi hutoza euro 7.50. Walirudisha gari uwanja wa Linate, ulio upande wa mashariki, upande uleule waliotokea. Kutoka hapo metro ya M4 inafika San Babila, katikati ya mji, kwa dakika kama 12. Ndege yao iliondokea Malpensa, nao walifika huko kwa treni. Kwa anayetaka kupitia Como kwanza, neno moja: barabara ya A36 iliyo karibu na Malpensa haina vibanda vya tozo, kamera ndizo zinazosoma namba, na unatakiwa ulipe mwenyewe kwa mtandao ndani ya siku 15.

Ukitoa Bologna na kulala Venezia, huu ni mpango ninaoweza kumkabidhi mtu yeyote mwenye watoto na mzee. Agosti tu asiuguse: joto ni kali na Waitalia wenyewe wako barabarani kwa likizo ya tarehe 15. Mei au Septemba inafaa, kama shule zitaruhusu.

Viza ya Schengen kwa sasa ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya sita hatozwi. Bima ya afya ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na vyumba viwekwe vile vinavyoweza kufutwa bila hasara, maana viza hainunuliwi kwa uhakika. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anayetaka kuondoka Septemba, atafute miadi yake Machi.